Anayemlisha Mzee

Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, Lodwar. Joto kali, na upepo wa vumbi tangu adhuhuri.

Dada mtu alikuwa amemshika baba yao kisogo kwa kiganja cha kushoto, akimnywesha uji kwa mkono wa kulia, kama afanyavyo kila siku. Vidole vyake vimepasuka kwa sabuni. Kila baada ya funda moja humfuta mzee kidevu kwa ncha ya leso yake, kisha hungoja. Haharakishi, wala haketi vizuri. Hukaa ukingoni mwa kigoda kama mtu atakayeitwa wakati wowote. Ebenyo, kaka yake aliyetoka Nakuru, alikuwa ameshaeleza mpango wake: ploti iuzwe, mzee ahamie kwake. Dada angekwenda wapi, hakusema.

"Mchukue," dada akamwambia. "Lakini usimwite baba, hafungui mdomo. Mwite Apalongor."

Ndilo jina mzee alilolipata ujanani, kwa desturi ya kwao, kutokana na fahali wake, aliyekufa zamani. Ebenyo akachukua kikombe, akaliita. Mzee akafungua mdomo, akanywa.

"Kumbe rahisi!"

"Rahisi sana, mheshimiwa." Hata mzaha wenyewe aliutoa kwa sauti ya uchovu. "Basi leo lala naye wewe."

Asubuhi iliyofuata dada alijichemshia chai, akaketi nje akiegemea ukuta, miguu ameinyosha. Ndani Ebenyo aliita, "Dada! Njoo, tafadhali!" Akaita tena. Alijibu, "Nakuja," kisha akainywa chai yote ingali moto.