Aliyejitwika Hashikwi Tenga

Asubuhi ile ya Mgeta, milimani kwa mama yangu, haijanitoka kichwani, mwanangu, na hasira zake hazijaniisha. Nakuita mwanangu ingawa sijafika thelathini na tano. Nilizaa mara tu baada ya kidato cha nne, kwa hiyo uzee nimeuonja mapema.

Wiki ile binti yangu Neema, miaka kumi na tano, alinitamkia, na gauni jeupe la kipaimara limeshashonwa: "Mama, mwaka huu sipokei. Sitaki kusali Nasadiki kwa mdomo wako." Nilichemka! Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nikambeba mzobemzobe kutoka mjini hadi huko kwa mama, akanyoshwe.

Mama hakumnyosha. Alimwonyesha tenga la karoti, Neema akajitwika mwenyewe, tuteremke barabarani kwenye lori. Mteremko ule unaushuka kwa kushikilia na vidole vya miguu, na mvua ilikuwa imenyesha. Mimi nyuma ya Neema, roho juu. Alipokanyaga utelezi, nikalidaka tenga. Nilidhani namsaidia. Likapinduka, yeye chini, karoti zikaporomoka.

"Umeona ukaidi wako!" nikafoka.

"Nyamaza, Joyce!" Mama alikuwa nyuma yangu. "Aliyejitwika hashikwi mzigo. Shingo yake ilishaanza kuuweka sawa, wewe ukaivuruga. Ulipokuja hapa na tumbo, nilikushika wapi? Nilitembea nyuma nikisali. Hata sasa niko nyuma."

Miaka yote ile nilijua nilitembea peke yangu.

Neema akaokota karoti, akaweka ngata kichwani, akajitwika. Ukungu ukafunguka, nikamwona: shingo imenyooka, mikono ameiachia, miguu inachagua jiwe hili, inakataa lile. Mwili nilioubeba mimi! Nani aliufundisha? Nikapiga ishara ya msalaba, mikono ikabaki kifuani.

Barabarani alitua, akageuka. "Mama, nilikuwa nasikia ndala zako."

Gauni liko kabatini bado. Jumapili anakwenda misa, anakaa benchi la nyuma, akitoka anambana katekista kwa maswali. Inaniuma, sikufichi. Ila mikono naifunga.

Basi, mwanangu, siku ukilea mtoto aliyeanza kujitwika, mpe ngata nzuri, mwonye penye utelezi, halafu achia. Lakini usibaki nyumbani; tembea nyuma, ndala zako zisikike. Na wewe unayejitwika leo, Mungu aliyeiumba shingo yako aikaze, na ukiteleza, umkute nyuma yako.