Joyline Awiti, msomaji wa yaliyofichika ndani ya sabuni

Saa mbili asubuhi, Joyline Awiti ameketi katika maabara ndogo ya binafsi mtaani Hurlingham. Kwenye kompyuta yake kuna nukta mia mbili, na mstari mwekundu ambao bado haujazipitia zote. Anabadilisha tarakimu moja, anabonyeza, anangoja.

"Mstari ukipita kwenye nukta, najua ndani ya hicho kimiminika kuna nini," anasema.

Sampuli za sabuni, rangi na dawa za maji hupelekwa ng'ambo, kwenye mashine inayozipitishia eksirei na kupima jinsi miale inavyotawanyika kwa pembe ndogo sana. Vipimo hurudi kwa barua pepe. Awiti, 33, hukisia umbo la chembe zilizomo, hulikokotoa kuwa mstari, kisha huulinganisha na vipimo, yaani zile nukta.

Aliajiriwa hapa miaka tisa iliyopita kuosha chupa, kwa Sh14,000 kwa mwezi. Ukokotoaji alijifunza saa za chakula cha mchana. Leo mshahara wake ni zaidi ya mara tano ya huo.

Machi mwaka huu, Zainab Idarus, mtengenezaji wa sabuni ya maji mtaani Jamhuri, alifika na kidumu mkononi. Sabuni yake ilikuwa imegeuka nyepesi kama maji. Wateja walikuwa wakiirudisha, na wanawake tisa aliowaajiri walikuwa karibu kupoteza kazi. Alishuku kwamba ameuziwa kemikali ghushi, na alikuwa tayari kumshtaki muuzaji.

Mkuu wa maabara, Bw Kitonga, alikubaliana naye. Kemikali hafifu, alisema, zingeonyesha vijiduara vidogo tu. Vipimo viliporudi kutoka ng'ambo, Awiti alijaribu vijiduara, mstari ukakataa. Akajaribu vijiti. Siku ya nne, nyuzi ndefu zenye matawi zikakubali. Hali hiyo hutokea chumvi ikizidi: kiasi huifanya sabuni nzito, ikipita kiasi huirudisha kuwa nyepesi.

"Kemikali zako ni nzuri, mama," alimwambia Zainab. "Maji unatoa wapi?"

Zainab alieleza kwamba tangu mgao wa maji ya mfereji uanze, alikuwa akinunua maji ya kisima. Yalikuwa na chumvi tayari, naye aliendelea kutia kipimo kilekile cha chumvi ya kuifanya sabuni iwe nzito.

Walipunguza chumvi kwa theluthi, na sabuni ikashika.

"Yule muuzaji nilikuwa nimemtusi mbele ya watu," Zainab anasema. "Nilirudi nikamwomba radhi, mbele ya watu pia."

Awiti sasa anasomea shahada ya uzamili, na kila Ijumaa anawafundisha wahudumu wawili wa maabara kazi yake.

"Siku mashine kama ile italetwa Nairobi," anasema, "nataka ikute watu wanaojua kuisoma."