Nilivyoandika Ripoti ya Nabii Kalonda

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa ofisi hakunionyesha meza wala kiti. Alinisimamisha mbele yake akaniuliza kama nilikuwa nimekunywa chai.

"Ndiyo, Muzee."

"Nani aliipika?"

"Mama yangu."

"Ulimuona akiipika?"

Nikasema hapana, niliikuta mezani.

"Basi haujue nani aliipika. Unaamini tu. Ikala, tuanze kazi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika ofisi ya anketi, yaani uchunguzi, za dini hapa Kindu, Maniema, zama za Chama kimoja, wanaume walipovaa abakosti na kila mtu akaitwa citoyen, yaani raia. Wakati huo hakuna kanisa lililofungua mlango bila karatasi ya Serikali. Kabla ya karatasi kutoka, ilibidi mtu aende kuuliza mwanzilishi wake alikuwa nani na alifanya nini. Mtu huyo nilikuwa mimi, mwanamke peke yangu katika ofisi nzima. Mkuu hakutusifu hata siku moja. Alisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sasa nimestaafu, sina tembo la kutia maji, kwa hiyo nitajisifu mwenyewe: niliijua kazi ile.

Baba yake mkuu alikuwa mwalimu wa Kurani katika mtaa wa Waislamu, na kutoka kwake mkuu alirithi kanuni ya mlolongo. Kila neno lazima liwe na mlolongo wake: nani alikuambia, naye nani alimwambia, mpaka ufike kwa jicho lililoona. Neno lisilofika kwenye jicho halikuingia katika ripoti yetu. Kanuni ya pili alijitungia mwenyewe. Mfuasi akikusimulia uzuri wa nabii wake, au adui akikusimulia ubaya, mshukuru na uendelee na safari. Lakini mfuasi akikutajia kosa, au adui akikutajia wema, hapo uketi chini.

Dosie, yaani faili, iliyonifundisha kanuni hizo ilikuwa ya Nabii Kalonda. Enzi za Wabelgiji alikuwa mfanyakazi wa reli. Aliiacha kazi akakusanya watu katika kijiji kimoja kwenye barabara ya Kibombo kwenda Tunda, akawaambia wachome hirizi zao na wategemee maombi. Wabelgiji walimhamisha mbali, akafia huko. Wafuasi wake walibaki, na sasa nyumba yao ya sala ilikuwa imetiwa kufuli. Kamisari wa Serikali alingoja ripoti yetu: ama kufuli lifunguliwe, ama nyumba ibomolewe na watu watawanywe.

Mezani nilikuwa na maneno ya pande mbili. Padri mmoja wa zamani aliandika kwamba Kalonda alikataza dawa na watoto wakafa kwa wingi. Wafuasi nao walidai hakuna hata kuku aliyekufa.

Nikapanda treni hadi Kibombo. Nilianza na adui, katekista mzee aliyempinga Kalonda maisha yake yote.

"Muzee, wale watoto uliwaona na macho yako?"

"Padri njo aliandika." Njo yetu ni ndiye ya wengine.

"Na Padri, nani alimuambia?"

Akanitazama, kisha akacheka. "Ni mimi."

"Na wewe?"

"Aa, mama! Watu walikuwa wanasema."

Mlolongo ukakatika hapo. Nikaaga. Nikiwa mlangoni akaongeza, kama mtu anayejisemea: "Lakini kwa ukweli wa Mungu, ule muntu hakukulaka kitu ya muntu. Alikuwa analima shamba yake mwenyewe." Nikarudi nikaketi chini.

Kijijini, mchungaji aliyemrithi Kalonda alinipokea kwa wali, kuku na nyimbo. Kila niliyemuuliza alinijibu kwa maneno yale yale, kama darasa lililokaririshwa. Bibi mmoja alininawisha maji, na wenzake walimwita Mama Feza. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na adabu ni kumjulia hali mtoto huyo. Nikauliza kwa adabu tu, wala sikuwa kazini:

"Mama Feza, na Feza njo anaikala wapi siku hizi?"

Wanawake wakatazama chini. Mchungaji akadakia, "Hana mutoto. Ni jina tu."

Jina tu! Nimezaliwa Maniema, na sijaona mwanamke anayeitwa mama wa upepo. Nikasema nataka kuoga, wanawake wanipeleke mtoni. Huko mwanamume hafuati, hata akiwa mchungaji.

Mama Feza alikaa juu ya jiwe, miguu majini.

"Feza alikuwa na homa," alisema. "Baba Kalonda akasema tuombe, dawa hapana. Tuliomba sana. Alikufia hapa, ku mikono yangu."

"Na Baba?"

"Alinipigia magoti mbele ya watu wote. Akasema, 'Mama, ni mimi nilikosa, si Mungu.' Tangu pale hakukatazaka tena dawa. Mugonjwa aliyefuata, ye mwenyewe alimubeba ku mugongo mupaka ku zahanati."

"Kwa nini hawasemi?"

"Wanasema Nabii hawezi kukosa. Kwa hiyo mutoto wangu amekuwa kama hakuzaliwaka."

Nililia, na sioni haya kusema hivyo. Kisha nikapangusa macho nikaendelea na kazi. Wanawake wawili wakasema walikuwako, waliona. Na muuguzi mmoja wa zamani wa zahanati, ambaye hakuwa mfuasi na hakumpenda Kalonda, alikumbuka vizuri mtu aliyeingia akihema na mgonjwa mgongoni.

Mchungaji alinisindikiza hadi mwisho wa kijiji. "Mama, nakuomba. Ukiandika Feza, unatuua." Niliogopa kwamba alisema kweli. Njia nzima hadi Kindu sikuwa na raha.

Mkuu alinisikiliza hadi mwisho. "Ulifika kwa jicho?"

"Nilifika."

"Padri alisema wengi: andika hatukuona wengi. Hawa wanasema hakuna: andika iko mumoja, na jina yake."

Kamisari alituita. Alisoma kimya, kisha akanyanyua kichwa. "Citoyenne, unawapenda hawa watu ao unawachukia?"

"Citoyen Commissaire, nilitumwa kuuliza. Sikutumwa kupenda."

Akasoma tena, kwa sauti, mahali pale pa kupiga magoti. "Manabii wote wanaofika ku hii meza hawana hata kikohozi," akasema. "Huyu njo wa kwanza ninasikia alikosa na akatubu. Wale wanaomufuata wanaweza kufundishika." Akatia sahihi, kwa sharti kwamba mgonjwa yeyote asizuiwe kwenda zahanati. Tulipotoka, mkuu alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala baadaye.

Siku ya kufungua kufuli nilikwenda. Mchungaji hakunisalimu. Lakini kabla ya kuhubiri alimwita Mama Feza mbele, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akalitamka jina la mtoto. Bibi yule alijifunika uso kwa kitenge.

Niliendelea na kazi ile mpaka nikastaafu, na mkuu amekwisha kuzikwa. Vijana huja kwangu na simu zao, wananiambia nabii fulani ni mwizi, nabii fulani alifufua mtu. Nawauliza kama wamekunywa chai.

Juzi alikuja msichana kutoka upande ule wa Tunda, ametumwa na watu wa Kalonda kunisalimu. Aliniambia kwamba siku hizi, wakimkumbuka Nabii, husimulia pia kosa lake, na kila mwaka mtoto wa kike wa kwanza kubatizwa hupewa jina la Feza.

"Nani alikuambia?" nikamuuliza. Mazoea yana taabu.

"Hakuna muntu aliniambia, Mama," akajibu. "Njo mimi Feza."