Bidoni Nje ya Lango

Katika ukoo wetu wa Kirolirwe, neno haliwi neno mpaka lipite ndani ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Watu wakipatana juu ya mpaka wa shamba, ndugu wakisameheana, bidoni, yaani dumu la pombe hiyo, inawekwa katikati, mirija inatumbukizwa, na wote waliohusika wanavuta pamoja. Asiyekunywa amesema uongo. Kwa hiyo siku kaka yangu alipoapa mbele ya familia kwamba ameacha vidonge na pombe, baba yetu mdogo, mkubwa wa ukoo tangu baba afariki, alimkabidhi mrija wa kwanza.

Nilikuwa nimeketi na wanawake karibu na mlango. Na mimi, mwenye shahada ya chuo kikuu niliyoifunga ndani ya plastiki isilowe na mvua, nilikuwa bado napanga kichwani sentensi ya kumzuia baba mdogo. Nianze na "Papa, samahani" au "Papa, kwa heshima yote"? Na mama atajisikiaje? Nilipomaliza kuchagua, kaka alikuwa ameshavuta.

"Njo hivi!" baba mdogo alishangilia. "Sasa umeacha kweli!"

Nikisimulia haya mjini, watu wanacheka. Sipendi wacheke. Baba mdogo alimpenda kaka, na alimpa kitu kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Kaka hakuanza kwa starehe. Alikwenda Walikale kubeba mizigo kutoka msitu wa nyuma ya Itebero hadi barabarani, siku mbili za mguu, gunia mgongoni. Wenzake walimpa kidonge cha tramadoli ili mgongo unyamaze. Ukanyamaza. Kisha kimoja hakikutosha. Kisha hakuweza hata kuamka bila vitatu, na juu yake kanyanga, ile pombe kali inayochoma koo. Aliporudi nyumbani amekonda, mama alidhani ni mgeni anayeomba maji.

Wiki moja baada ya kiapo, tulikuta vidonge chini ya godoro lake. Baba mdogo akaamua apelekwe kwenye chumba cha maombi: siku tatu, mlango umefungwa, bila chakula, bila kidonge. Siku ya pili, mchana, nilichungulia dirishani nikamwona ameanguka sakafuni, amekakamaa, povu linamtoka mdomoni.

"Pepo linatoka!" walipaza sauti waliokuwa naye ndani. "Mumushikilie!"

Mimi pia ninaomba. Ninaimba kwaya tangu utoto. Lakini nilipouona uso wake nilisema kabla ya kufikiri, jambo ambalo sikumbuki kulifanya tena maishani: "Fungueni!" Hawakufungua. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta. Nikalichukua na kuanza kuupiga mlango. Sijui kama niliuvunja mimi au kuna aliyeogopa akafungua.

Kwenye kituo cha afya, muganga, ndivyo tunavyomwita daktari, mama mfupi mwenye sauti ya kukaripia, aliniuliza maswali mawili tu: alikuwa anameza nini, na walimkatisha lini. Kisha akavua miwani.

"Ile haikuwa pepo, dada. Mwili wake ulishapanga kazi yake yote juu ya kile kidonge. Ukikiondoa siku moja, ni kama kutoa nguzo batu wakiwa ndani ya nyumba. Kinapunguzwa pole pole, muntu akiwa amelazwa, banamuchunga."

"Kwa hiyo si kwamba hataki kuacha?"

"Kutaka anataka. Weye unatakaka kulala, na unalala?"

Sijui alijuaje. Macho yangu, labda.

Alinipa namba ya kituo kimoja cha kutibu uraibu mjini na karatasi ya kumhamisha mgonjwa. Niliandika kurasa tatu za maswali kabla ya kupiga simu. Wanapiga watu? Wanafunga minyororo? Kama akitoroka? Kama nikikosea, si nitakuwa nimemuua mimi? Aliyepokea alinijibu yote bila kuchoka. Hawapigi, hawafungi, kitanda kipo. Masharti ni mawili: mgonjwa akubali kwa mdomo wake, na ndugu mmoja akae karibu, ampikie na kumfulia. Shule moja ilikuwa imeniahidi darasa la kufundisha mwanzoni mwa mwezi. Nikawaambia wampe mwingine.

"Umesoma miaka yote hiyo," jirani alinicheka, "ili ukafulie mulevi?"

"Njo vile," nilijibu. "Tena nitamufulia vizuri."

Baba mdogo alitaka tunywe kwanza, safari ipate baraka. Nilikataa. Tukapanda moto, pikipiki ya abiria, kaka katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kama gunia, tukateremka kwenda mjini. Mapokezini muuguzi aliuliza ni nani anaumwa. Nikafungua kinywa. Akainua mkono: "Sikuulize weye."

Kaka alisogea mbele yangu. "Ni miye," alisema. "Nimejaribu kuacha. Imenishinda."

Mwezi ulipita. Alitapika, alitokwa jasho, alinitukana, aliomba msamaha, akanitukana tena. Siku ya wageni ilipofika, nilimwona baba mdogo langoni, amevaa koti la kanisani. Mkononi, bidoni ya lita tano.

"Nimesikia mutoto anapona," alisema, uso ukimng'aa. "Nimekuja tumupongeze."

Ni baba yangu. Watu wanatazama. Nikasimama katikati ya njia.

"Papa, hii haiingii."

"Hii iko kasiksi tu! Si kanyanga."

"Haiingii."

"Unanifukuza mbele ya batu? Miye nilikubeba mugongoni!"

"Sikufukuze weye, Papa. Nafukuza bidoni."

Mlinzi alicheka kwa nguvu. Baba mdogo aligeuka, akaondoka bila kuaga. Sikumwita. Kama ingekuwa lazima nichague kati ya heshima yake na kaka yangu, nilikuwa nimeshachagua, na ningechagua vile tena.

Baadaye kidogo nikamwona anarudi, mikono mitupu. Ng'ambo ya barabara vijana wa moto walikuwa wameizunguka bidoni, wakimwombea maisha marefu.

Tuliketi watatu kwenye benchi la uani. Baba mdogo aliweka mikono magotini, akaikunja, akaiweka mifukoni. Hakuwahi maishani mwake kuanza mazungumzo mazito na mdomo mkavu.

"Sasa," alisema mwishowe, "tunaanzaka namna gani?"

"Niulize nimelala namna gani," kaka alisema.

Baba mdogo akakohoa. "Umelala namna gani?"

"Mubaya," alijibu kaka, na akaanza kueleza.