Kamba Imekwama

Abiria wa ile meli ya safari ndefu hawakujua jina lake na wala hawakulihitaji. Walimwita Imekwama. Alikuwa mfunga kamba wa gatini. Meli ikija, aliipokea kamba nene kama paja la mtu na kukivisha kitanzi chake kwenye nguzo ya chuma; meli ikiondoka, alikivua. Siku ambazo hakukuwa na meli alifagia gati, akabeba makreti na kuitika kila alipoitwa. Aliianza kazi hiyo ndevu zikiwa bado nyeusi.

Jina la utani alilipata hivi. Nguzo ile ilifungiwa pia kamba ya tishari la mizigo. Ukitaka kufunga kiungwana, unakipitisha kitanzi chako ndani ya kitanzi cha mwenzako kutoka chini, ndipo unakivisha nguzoni, ili kila mmoja aondoke bila kumsumbua jirani. Ukikiacha chako chini, cha tishari kikakilalia kwa uzito wake wote, meli haibanduki mpaka watu wa tishari walegeze.

Basi kulikuwa na Mheshimiwa mmoja ambaye saa za meli hazikumhusu. Kila siku aliyosafiri, msimamizi wa gati alipita nyuma ya mfunga kamba na kumnong'oneza kwamba leo kamba ina matatizo yake. Kipaza sauti kikaomba radhi: kamba imekwama. Akina mama wenye watoto mgongoni, wagonjwa wanaowahi hospitali, vijana wanaowahi usaili wa kazi, wote wakaiva juani mpaka gari jeusi likamshusha mtu mmoja anayechokonoa meno. Hakuna aliyeambiwa ukweli. Matusi na maganda ya machungwa yalimwangukia yule aliyeonekana.

"We Imekwama," walimpigia kelele kutoka juu, "viatu vyako nyumbani anakufungulia nani?"

Meli nzima ikacheka. Naye akacheka. Alikuwa na watoto wa kulisha, na msimamizi alikuwa na foleni ya watu wanaoitaka kazi yake.

Ndipo mama yake akalazwa katika mji wa pili, kule meli inakofikia, alikokuwa akiishi na mtoto wake mkubwa. Habari zilizokuja hazikuzunguka: mama hafiki wiki ijayo, na anamuulizia kitinda mimba wake. Mfunga kamba aliomba ruhusa akanyimwa. Dada yake mdogo, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akiuliziwa, akapanda basi kutoka bara kuiwahi meli.

Basi likaharibika njiani. Akampigia kaka yake simu, akasema kuna dereva wa lori amejitolea kumchukua, lakini yuko peke yake na yule mwanamume hamjui. Wengine wanasema fundi karibu anamaliza.

"Lori liache, mdogo wangu," alimwambia. "Subiri basi lako. Mimi si ndiye Imekwama? Leo nitakwama kwa ajili yetu."

Akaliacha lori.

Mfunga kamba akafanya kama alivyofundishwa. Kitanzi cha meli kilikuwa chini, cha tishari juu, kamba imekaza kama msuli. Honi ikalia, akainama nguzoni, akavuta, akatikisa kichwa kwa masikitiko aliyoyazoea. Kule juu maganda yakaanza kuruka. Kwa mara ya kwanza hayakumuuma.

Msimamizi alikuja bila haraka. Alitazama nguzo, akatazama barabara, akaona hakuna gari jeusi. Mfunga kamba akamweleza yote kwa sauti ya chini: mama, hospitali, basi ambalo sasa limeshaingia mjini. Aliomba muda mdogo tu, hata robo ya ule anaosubiriwa Mheshimiwa.

"Sikiliza, ndugu yangu," alisema msimamizi, tena kwa upole kabisa. "Hapa kamba inakwama nikisema mimi."

Akawapigia mluzi watu wa tishari. Wakalegeza kamba yao, kitanzi kikainuka kama kofia. Mfunga kamba aliamriwa akivue cha meli kwa mkono wake mwenyewe, naye akakivua. Dada yake alipoingia getini akikimbia, viatu mkononi, meli ilikuwa imeshageuza pua. Kauli mbiu ya bandari, iliyoandikwa ukutani kwa herufi kubwa, ilikuwa palepale juu ya kichwa chake: Abiria Wote ni Wageni Wetu.

Mama alifariki kabla ya safari iliyofuata.

Dada alisafiri na meli hiyo kwenda kuzika. Alipita mbele ya kaka yake akiwa na begi dogo. Kaka akampa pole, akajaribu kulipokea begi. Hakumpa. Akapanda, akasimama kwenye ukingo wa meli pamoja na wengine.

Honi ilipokaribia kulia, mfunga kamba alihisi pumzi ya mtu kisogoni. Leo kamba ina matatizo yake, alinong'onezwa.

Aliitazama nguzo. Akawatazama watu wa tishari, nao wakamtazama. Akakumbuka ile foleni ya watu, akainama, akakiacha kitanzi cha meli chini ya kile cha tishari.

Jua likapanda. Kipaza sauti kikaomba radhi. Matusi yakaanza, ya zamani na mapya, mengine ya kumtaja mama yake. Hakucheka safari hii. Aliinua macho mara moja tu, akamwona dada yake katikati ya watu wale wote wanaorusha mikono na kufoka. Hakuwa akifoka. Aliitazama nguzo, akaitazama kamba, kisha akamtazama yeye, taratibu, mpaka dada akaelewa kwamba kamba haikuwa imekwama hata kidogo.

Gari jeusi likaingia getini.