Nyasi ya Ulimi Mrefu

"Mpunga pori ni mpunga pori tu," nilimwambia shemeji yangu Faustina. "Piga pawatila, zika, yaishe!"

Nilijifanya mjuzi, naye akanisikiliza, akalimisha kwa hilo trekta dogo la mkono. Wiki tatu baadaye jaruba lake la mpunga pale Madibira liliota magugu yale upya, mara mbili ya mwanzo. Jamani! Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasimama kwenye mkutano wa skimu ya umwagiliaji nikasema mwenye mpunga pori anyang'anywe jaruba kabla hajatuambukiza. Mwenyekiti Adrian akampa muda hadi siku ya kupandikiza awe amelisafisha.

Faustina hakulia. Jaruba lile alililima na marehemu kaka yangu miaka kumi na tisa, aliapa haliachi. Akaingia topeni, aking'oa mche mmoja mmoja na kuukagua kama anayechambua mchele.

Siku ya nne akaniita.

"Shemeji, hizi ni nyasi mbili tofauti. Hii ukiivuta inatoka na mizizi yote. Inazaa kwa mbegu, ukiiwahi kabla haijapukutisha, imekwisha. Hii nyingine inakukatikia mkononi, kamba yake inayotambaa ardhini inabaki chini ya tope. Pawatila yako imeikata kamba vipande, na kila kipande kimeota."

"Sasa utazijuaje kabla hujavuta?"

Akakunjua jani pale linapokumbatia shina. Kuna kiulimi chembamba hapo. Cha ile ya mbegu ni kifupi. Cha ile ya kamba ni kirefu, kimechongoka.

"Mwenye ulimi mrefu ndiye anayetusumbua," akasema, akinikazia macho. Nikacheka peke yangu.

Mwezi mzima alifukua kamba kwa jembe, akazianika barabarani mpaka zikakauka. Mwanamke yule ana moyo, nyie! Niliona aibu, lakini sikumsaidia, eti nina kazi zangu.

Siku ya ukaguzi jaruba lilikuwa safi. Ila mwenyekiti akaona chipukizi moja ukingoni. "Mama, na hili je?"

Faustina akakunjua jani. Ulimi mrefu. Akachimba, akaifuata kamba taratibu, ikapita chini ya ukingo, ikatokea jaruba la pili. La kwangu.



"Nyani haoni kundule," mwenyekiti akasema. "Fanueli, si wewe uliyetaka watu wanyang'anywe?"

Faustina akanikabidhi jembe lake.

"Mwache, mwenyekiti. Shemeji, chimba. Mimi nitakuonyesha ndimi."