Wino Uliofungiwa Kabatini

Katibu wa ofisi yetu ya kanisa, huku Karagwe, alitembea na funguo mbili: ya jenereta na ya kabati la wino wa printa. Kompyuta aliniachia mimi, maana hata kuiwasha hakujua. Nami sikuwa mtaalamu. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na darasa la saba na kozi fupi ya kupiga chapa, basi.

Nilikuwa napanga kitabu cha nyimbo cha kwaya ya akina mama. Asubuhi moja nikashusha ukurasa, maneno ya juu yakagoma kuondoka kwenye kioo cha kompyuta. Ya chini yakapanda juu yake, ubeti kwa ubeti, kama nguo chafu ndani ya beseni.

“Umechapa juu ya maneno,” katibu akasema.

“Mzee, jana yalikuwa sawa.”

“Kwa hiyo nimechapa mimi? Nyimbo zisipotoka Ijumaa, rudisha ufunguo wa mlango ukalime.”

Nikamwomba wino nitoe ukurasa mmoja tu, tuone karatasi itasemaje. Akakataa: wino si wa kuchezea. Kwa haki, ulitoka Mwanza na ulichelewa sana. Lakini aliulinda kama vile ungezaa wino mwingine kwa kutotumika.

Akaletwa fundi kutoka Bukoba, koti begani. Akagonga kioo kwa kidole, akaomba senene, wale panzi wa kukaanga, akatafuna huku akitangaza kwamba kioo kimekufa. Senene walipokwisha, kioo kikafufuka, ugonjwa ukawa virusi.

“Tunafuta kila kitu, tunaanza upya.”

Nyimbo zote zilikuwa humo, hazikuwa pengine popote. Nilitaka kubisha, ila kusema kweli nilishaanza kuvishuku vidole vyangu. Huenda nilichapa juu kweli?

Ndipo akaingia kiongozi wa kwaya, mama wa makamo kutoka Igurwa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Nyimbo zangu ziko wapi?”

Fundi akamweleza virusi, kwa kirefu. Mama akainama kwenye kioo.

“Mawe!” akashangaa kwa kilugha. “Sasa waimbaji watabeba televisheni hii kichwani? Toeni kwenye karatasi nione.”

Mama huyu alikuwa dada wa mama mkwe wa katibu, na kwetu mtu habishani na mkwe, hata kumtazama usoni ni shida. Yule simba wa kabati akaikodolea sakafu macho, akanyoosha mkono wenye ufunguo upande usio na mtu. Nikauchukua.

Ukurasa ukatoka safi. Kila ubeti mahali pake.

Fundi nimpe haki yake: hapo ndipo akapunguza idadi ya rangi kwenye mipangilio, akazima, akawasha, na kioo kikatulia. Hilo alilijua. Kwa nini hakuanza nalo, sijui. Alisema ndiyo ilikuwa nia yake tangu mwanzo.

“Tatizo, binti alikuwa anabonyeza kwa nguvu mno,” katibu akaiambia sakafu, ili mama asikie. “Tumeshamwelekeza.”

Mama akanitazama mikono, kisha akamtazama yeye, akacheka kwa pua.

Sikufukuzwa. Nikatoa kitabu kizima siku hiyohiyo, katibu akiwa amesimama kando ya printa, akinusa kila karatasi kuona kama sijamzidishia wino.